Ukiitoa vali ya ekzosi, jua umetoa breki

Wadau, leo naomba tuongee habari za malori. Najua kuna watakaosema haya ni mambo ya mafundi wa gereji na matajiri wenye magari, sisi wa daladala na basi la kwenda nyumbani Krismasi yanatuhusu nini? Yanatuhusu, tena sana. Siku basi lako linashuka Kitonga, wewe umekaa dirishani unawaza vitunguu vya kununua Ruaha Mbuyuni, na nyuma yenu linakuja lori limebeba tani 30, uhai wako kwa dakika zile umo mikononi mwa vitu vichache vilivyo chini ya lori lile. Kimojawapo ni kisahani cha chuma, si kikubwa kuliko kisosi cha chai, kilichofungwa ndani ya bomba la moshi.

Hicho kisahani ndicho kimenifanya niandike. Kila nikikaa na watu wa malori, iwe gerejini au kwenye vituo wanapolala madereva, nasikia ushauri uleule: "Hiyo vali ya ekzosi inasumbua tu, ing'oe utupe, gari litapumua." Anausema fundi, anaukubali tajiri, na dereva ambaye ndiye atakayeshuka nalo mlima haulizwi. Msimamo wangu nauweka mapema ili tusizungushane: kwenye lori la mizigo linalopita barabara zetu za milima, kuitoa vali hiyo ni kosa, na anayelipia kosa lenyewe mara nyingi siye aliyelifanya.

Tuanze na kitu chenyewe. Ndani ya bomba la ekzosi kuna kisahani kinachozunguka kwenye ekseli yake ndogo, kama mfuniko unaogeuka. Muda mwingi kimelala ubavu, moshi unapita pande zote bila shida. Dereva akivuta kile kiwiko kidogo kilicho karibu na usukani, huku mguu wake hauko kwenye mafuta wala klachi, upepo unasukuma mkono wa vali (kwa malori madogo ni vakyumu), kisahani kinasimama na kuziba bomba karibu lote. Wakati huohuo injini inakatiwa dizeli. Sasa pistoni zinapopanda kutoa hewa zinakuta mlango umefungwa. Zinalazimika kuisukuma hewa iliyobanwa, na kazi hiyo ya kusukuma ndiyo inayorudisha gari nyuma. Utasikia mlio wa injini unabadilika, unakuwa mzito kama mtu anayekoroma amefunga mdomo. Hiyo ndiyo breki ya ekzosi.

Kwa nini dizeli inahitaji kitu hicho wakati gari dogo la petroli halinacho? Kwa sababu injini ya petroli ina mlango kwenye njia ya kuvutia hewa, na ukiondoa mguu kwenye mafuta mlango ule unafunga, injini inavuta hewa kwa taabu, gari linapungua mwendo lenyewe. Dizeli ya kawaida haikujengwa hivyo. Inavuta hewa yake kwa uhuru mwaka mzima, kwa hiyo ukiondoa mguu inakushika kidogo mno ukilinganisha na uzito inaoubeba. Wenye kutengeneza malori wakaona, kama mlango haupo kwenye kuingia, basi tuuweke kwenye kutoka.

Sasa huu ushauri wa "ing'oe tu" umetoka wapi? Sehemu yake ni uzoefu wa gereji zetu, nitaufikia. Sehemu nyingine imetoka mbali, na hapa ndipo mkanganyiko unapoanzia. Huko Marekani kuna pikapu za Ford, zile kubwa za F-250 na F-350, zilizouzwa tangu miaka ya 1994 hadi 2003 zikiwa na injini ya dizeli ya lita 7.3 iitwayo Power Stroke, iliyotengenezwa na Navistar. Injini hizo nazo zina vali inayoziba ekzosi, iko mara tu baada ya turbo, na inaendeshwa na presha ya oili ya injini. Wenye magari hayo wamebishana miaka nenda rudi kama waitoe au waiache, na wengi wameitoa na wanaishi kwa raha mustarehe.

Lakini vali ile ya Ford iliwekwa kwa kazi nyingine kabisa. Ni ya kupasha injini joto. Asubuhi ya baridi kali, oili ikiwa bado nzito na hewa inayoingia ni ya barafu, kompyuta ya gari inaifunga vali ili injini ifanye kazi kwa nguvu zaidi ikiwa imesimama, ipate joto haraka, na hita ya ndani ianze kumsaidia dereva. Injini ikishapata joto, vali inafunguka na kazi yake imekwisha. Na matatizo yake yanajulikana: inavujisha oili pale inapokaa, masizi yanaziba kijibomba cha kihisio chake, na mara nyingine inagoma kufunguka ndipo gari linakosa nguvu kabisa. Mtu anayeishi Texas au Florida, mahali ambapo baridi yenyewe ni ya kubahatisha, akiitoa amepoteza nini? Karibu hakuna. Anayeishi Minnesota atangoja hita muda mrefu zaidi, basi. Ningekuwa na pikapu ya namna hiyo hapa Dar es Salaam, vali ikianza kuvuja oili, mimi mwenyewe ningeitoa bila kusita.

Kwa hiyo ushauri wa Wamarekani wale ni sahihi kwa gari lile. Kosa linazaliwa pale mtu anapoona umbo linafanana, kisahani ndani ya bomba la moshi, akasema na kazi ni ileile. Panga na jambia vyote vina makali, lakini hakuna anayelimia jambia. Tena kuna malori ambayo vali moja inafanya kazi zote mbili, inapasha injini asubuhi na kushika gari mteremkoni, mfano ni baadhi ya Volvo. Kwenye gari la namna hiyo ukisema "hapa kwetu hakuna baridi, toa", umeangalia nusu ya kazi ya kwanza na kuitupa ile ya pili.

Hebu tupige hesabu kidogo, msikimbie. Kanuni namba 13 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu breki za magari makubwa, ina jaribio kwa baadhi ya magari, yakiwemo mabasi ya safari ndefu na magari ya mizigo ya hatari. Gari likiwa limejaa linatakiwa lishuke mteremko wa asilimia 7 kwa kilomita 6, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, BILA kutumia breki za matairi. Lishikwe na injini na vifaa vyake tu. Safari hiyo inachukua dakika 12, na gari linakuwa limeshuka mita 420 kwenda chini.

Chukua lori la tani 40 kwenye mteremko huo huo. Uzito wote ule ukishuka mita 420 unatoa nishati ambayo, hata ukiondoa sehemu inayomezwa na matairi na upepo, inatosha kuchemsha maji zaidi ya lita 400. Mapipa mawili ya maji yachemke ndani ya dakika 12! Joto hilo lazima liende mahali. Likishikwa na injini, linatoka na hewa kwenye ekzosi na kwenye rejeta. Lisiposhikwa na injini, lote linaishia kwenye madramu na lainingi za breki. Dramu ikipata moto inatanuka na kuikimbia lainingi, lainingi ikipata moto inapoteza mshiko, dereva anaongeza kukanyaga, upepo kwenye matangi unapungua kuliko kompresa inavyoweza kurudisha. Kwanza utanusa harufu ya kuungua. Baadaye utaona moshi kwenye matairi. Baada ya hapo mguu unafika chini na gari linaendelea.

Ndipo kesho yake tunasoma kwamba lori "lilifeli breki".

Nami kama mwandishi neno hilo linanikera. Linaandikwa kama vile breki ni mvua, imenyesha tu, nani wa kulaumiwa. Tarehe 30 Juni 2023 pale Londiani, Kenya, lori liliacha njia likawavamia watu na magari kando ya barabara, wakafa zaidi ya 50. Tarehe 24 Februari 2024 pale Ngaramtoni, Arusha, lori likagonga magari mengine, wakafa 25. Kote breki zilitajwa. Sisemi kwamba malori hayo yalikuwa yameng'olewa vali ya ekzosi. Ninachosema ni kwamba neno "kufeli" linapaswa kufungua maswali, na sisi tunalitumia kuyafunga. Breki zilifeli kwa sababu gani? Zilipata moto? Zilipata moto kwa sababu zilibeba mzigo wote peke yake? Na kile kilichotakiwa kuzisaidia kilikuwepo, na kilikuwa kizima?

Haya, twende kwenye hoja za wanaoitoa, maana si wajinga, wana sababu zao.

Hoja ya kwanza ni kwamba vali inakula nguvu na mafuta. Ikiwa nzima, hapana. Imelala ubavu ndani ya bomba pana, kizuizi chake ni kidogo kiasi kwamba dereva hawezi kukihisi. Ikifungwa mteremkoni, dizeli inakatwa, kwa hiyo haili mafuta. Anayesema gari lake "lilipumua" baada ya kuitoa, mara nyingi lilikuwa na vali iliyoganda nusu imefungwa. Hapo kweli gari linakosa nguvu, linatoa moshi mweusi, na injini inapata joto. Lakini dawa ya mlango uliokwama ni kuupaka oili bawaba zake, nyumba yenyewe bado inauhitaji.

Hoja ya pili, inaua injini na turbo. Presha inayojengeka ndani ya ekzosi imepimwa na waliotengeneza gari kulingana na nguvu ya springi za vali za injini, na ndiyo maana kisahani huachiwa upenyo mdogo kisizibe kabisa. Madhara yanakuja ukifunga kisahani kisicho cha gari hilo, au ukiachia injini izunguke kupita alama nyekundu. Hayo ni makosa ya ufungaji na uendeshaji.

Hoja ya tatu, na hii naiheshimu zaidi, ni hatari kwenye utelezi. Ni kweli. Breki ya ekzosi inashika matairi yanayoendeshwa na injini tu. Lori tupu, barabara ya lami imelowa, ukiivuta ghafla matairi ya nyuma yanaweza kuteleza, na tela likataka kumpita kichwa. Lakini ndiyo maana kuna kiwiko cha kuizima! Kitu chenye swichi, siku haufai kukitumia unakizima, na siku ya mteremko mkavu wenye mzigo unacho.

Hoja ya nne ni ile ya madereva wa zamani: "Sisi tulishuka kwa gia, hatukuhitaji vidude." Wako sahihi kwenye nusu ya kwanza. Hakuna kifaa kinachochukua nafasi ya kuingia kwenye mteremko ukiwa tayari kwenye gia ndogo, na breki ya ekzosi yenyewe haina nguvu kama injini inazunguka polepole. Vitu hivyo viwili ni mke na mume. Kuhusu nusu ya pili, kuna kisa cha kuwajibu. Mwaka 1931 Clessie Cummins, mwanzilishi wa kampuni ya injini ya Cummins, alikuwa akivuka Marekani na lori lenye injini yake. Kwenye mteremko wa Cajon Pass, California, breki zikamshinda, na chini kabisa treni ilikuwa inakatiza barabara. Alipona kwa bahati. Injini ilikuwa yake mwenyewe, gia alizijua kuliko mtu yeyote, na bado aliona haitoshi. Miaka mingi baadaye akabuni aina nyingine ya breki ya injini, inayofungua vali za injini yenyewe kuachia hewa iliyobanwa, na kampuni ya Jacobs ikaanza kuiuza mwaka 1961. Mtu huyo hakuwa na haja ya kufundishwa kushuka kwa gia.

Sasa nifike pale panaponiuma zaidi. Wengine hawaing'oi vali yote, wanachomoa tu mpira wake wa upepo, wanauziba kwa boliti, wanaendelea na safari. Kiwiko kinabaki pale karibu na usukani kizima kabisa, kinang'aa. Madereva wetu wanahama magari. Leo yuko na hili, mwezi ujao tajiri anampa lile kwa sababu mwenzake anaumwa. Anafika mlimani na mzigo, anaingiza gia, anavuta kiwiko kama alivyozoea kwenye gari lake la zamani... kimya. Gari linaendelea kuchanganya mwendo. Hapo ndipo anapojua kwamba fundi na tajiri walikubaliana jambo miezi sita iliyopita, na hakuna aliyemwambia. Utingo aliye pembeni yake ndiyo kabisa, yeye hata kiwiko hajui ni cha nini.

Ukiangalia mgawanyo wake utaona ubaya. Aliyeokoa fedha ni mwenye gari, kwa kutonunua spea. Hata hiyo fedha si ya kweli, kwa sababu lainingi na madramu yatakwisha haraka zaidi na atayanunua. Lakini anayebeba hatari ni dereva, utingo, mama anayeuza mahindi ya kuchoma chini ya mteremko, na sisi abiria wa Coaster iliyosimama kushusha mtu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwepo gerejini siku ile.

Je, hakuna wakati wa kuitoa? Upo. Ikiganda imefungwa katikati ya safari na gari haliendi, ifungueni kwa nguvu na kuifunga waya ibaki wazi mfike kwenye gereji, mkishuka kila mlima taratibu kwa gia ya chini. Hiyo ni dharura, nayo iishie gerejini. Kama lori lina breki nyingine ya injini au ritada iliyo nzima, na watengenezaji wenyewe wanasema vali si ya lazima, hapo kuna mazungumzo. Na pikapu ya Ford nimeshaisema. Zaidi ya hapo, kazi ya fundi ni kuifungua, kusugua masizi, kulainisha ekseli yake, kukagua mpira wa upepo, silinda ndogo na swichi za klachi na mafuta. Kazi ya asubuhi moja.

Ushauri wangu kwa wahusika ni mfupi. Dereva, ukikabidhiwa gari usilolijua, lijaribu kwenye tambarare kabla ya safari: gia ya kati, injini izunguke vizuri, ondoa mguu, vuta kiwiko. Usiposikia mlio kubadilika na gari kukushika, muulize tajiri mbele ya watu. Tajiri, kama umeitoa, basi andika kwenye dashibodi kwa maandishi makubwa kwamba breki hiyo haipo, dereva asidanganywe na kiwiko. Unayenunua lori lililotumika, usiishie kuangalia rangi na matairi, inama uangalie kama mkono wa vali unacheza. Askari wa usalama barabarani, mnapokagua taa na matairi pale chini ya mlima, ongezeni dakika moja kwa ajili ya hili, na mkague kabla gari halijaanza kushuka. Na wenzangu wa habari, siku nyingine tukiambiwa "breki zilifeli", tusiweke nukta. Tuulize breki zipi, na kama breki ya ekzosi ilikuwepo.

Anayetaka kuniambia nina chuki na mafundi, karibu. Mafundi wetu nawavulia kofia, wanafufua magari ambayo huko yalikotoka yalishahesabiwa chuma chakavu. Ombi langu kwao ni moja tu: kabla ya kuchukua spana, mjue kwanza kifaa hicho kinafanya kazi gani kwenye GARI HILO. Kikiwa cha kupasha joto, toeni. Kikiwa cha kushika tani 40 mlimani, kisafisheni mkirudishe mahali pake.

Wiki njema, na wanaosafiri salama salimini.